Mikono Inayojenga Ujirani: Somo kwa Kijana wa Kariakoo



Leo tunaongelea jambo ambalo wengi wetu hatulihesabu kabisa kama jambo la imani: vile vitu tunavyopenda kutengeneza kwa mikono tukipata nafasi. Kufuma, kudarizi, kushona, kuchora, kusuka ukili, kutunga rozari, kufungua redio mbovu na kuifanya iseme tena. Nyumbani wanaweza kukuambia unapoteza muda. Kijiweni watakuuliza, "Hiyo inalipa?" Mimi nataka tuone pamoja kwamba Mungu ameviweka vipaji hivi ndani yetu kwa sababu kubwa: kwa kupitia kazi ndogo ya mikono, watu wasiojuana huwa majirani. Na mji wetu una shida kubwa ya majirani.

Masomo ya leo ni Kutoka 31:1-6 na 35:30-35, Nehemia sura ya 3, Matendo ya Mitume 9:36-42, na Wagalatia 6:2. Chukua Biblia yako, au fungua kwenye simu, usome kwanza. Nitakusubiri.

1. Tuko wengi, lakini kila mtu peke yake

Ukisimama Mtaa wa Kongo saa nne asubuhi, huwezi kupiga hatua tatu bila kugusana na mtu. Mwenye viatu anaita, mwenye vitenge anaita, mbeba mzigo anapiga kelele umpishe. Ukitazama kwa haraka utasema hapa hakuna upweke. Lakini muulize kijana anayeuza pale, jirani yako wa meza ya pili anaitwa nani? Atakuambia "Mangi" au "Mpemba" au "yule wa chaja". Jina lake la ubatizo, anakolala, mama yake anaumwa nini, hajui. Jioni kila mmoja anafunga mzigo wake, anakimbilia mwendokasi pale Gerezani au daladala ya Gongo la Mboto, anafika chumbani usiku, anakula, anashika simu mpaka usingizi umchukue. Kesho tena.

Zamani Kariakoo ilikuwa mtaa wa nyumba za Kiswahili: vyumba huku na huku, ukumbi katikati, na mbele baraza. Baraza lile ndilo lililokuwa shule ya ujirani. Hapo watu walikaa, walisuka nywele, walicheza bao, walijuana. Nyumba nyingi zimebomolewa, maghorofa yamepanda. Maduka tumepata, baraza limeondoka.

Kanisa letu la Afrika Mashariki liliona mapema kwamba imani haikui kwenye umati. Mwaka 1976 maaskofu wa AMECEA waliamua kwamba kujenga Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo ndiyo iwe njia kuu ya kichungaji katika nchi zetu. Watu wachache, wanaojuana kwa majina, wanaosali na kusaidiana. Wazazi wetu wamelelewa humo. Lakini tuseme ukweli: kijana anayeshinda Kariakoo siku sita na kulala Mbagala hukosa sala ya jumuiya, maana saa ile watu wanapokutana yeye bado yupo kwenye foleni. Anabaki kuwa Mkatoliki wa Misa ya Jumapili tu, anaingia na kutoka bila mtu kumuita jina. Akiugua, nani atajua?

Swali la somo letu ni hilo. Nani atajua?

2. Maandiko yanasema nini kuhusu mikono

*Bezaleli na Oholiabu.* Waisraeli wakiwa jangwani, Mungu anamwambia Musa kwamba amemchagua Bezaleli wa kabila la Yuda na kumjaza Roho wa Mungu. Ukisoma hapo unategemea atatabiri au atahubiri. Hapana. Amejazwa Roho ili afanye kazi za ufundi: dhahabu, fedha, shaba, kukata vito, kuchonga mbao. Anapewa na msaidizi, Oholiabu wa kabila la Dani. Kwa hiyo ukikaa unadarizi na mkono wako ukatulia, usione ni kitu cha chini. Roho Mtakatifu anafika mpaka kwenye vidole.

Lakini nenda sura ya 35, mstari wa 34. Pale tunaambiwa Mungu aliweka moyoni mwa Bezaleli na Oholiabu jambo lingine: kuwafundisha wengine. Weka alama hapo, tutarudi. Kipaji hakikuja peke yake, kilikuja pamoja na moyo wa kufundisha.

*Nehemia.* Ukuta wa Yerusalemu umebomoka. Sura ya 3 ni orodha ndefu ya majina, wengi tunairuka. Usiiruke. Utamkuta mfua dhahabu na mtengeneza manukato, watu ambao si waashi kabisa, wanajenga ukuta. Utamkuta Shalumu anajenga pamoja na binti zake. Utaona mara kwa mara kwamba mtu alijenga mbele ya nyumba yake mwenyewe. Na utaona wakubwa wa Tekoa waliokataa kuinamisha shingo kufanya kazi. Mji ulijengwa na watu wa kawaida, kila mmoja na kipande chake. Waliokataa waliandikwa pia.

*Dorkasi.* Huyu ndiye mtakatifu wa somo letu. Mama huyu wa Yafa alikuwa mfuasi wa Yesu, amejaa matendo mema. Alipofariki, Petro aliitwa. Alipofika ghorofani, wajane walimzunguka wakilia. Je, walimsimulia Petro maneno aliyohubiri Dorkasi? Walimwonyesha nguo, zile alizowashonea alipokuwa pamoja nao. Ushahidi wa maisha yake ulikuwa mwilini mwa majirani zake. Petro akasali, na Bwana akamrudisha hai kwa watu wake. Mimi kila nikisoma hapo najiuliza: nikiondoka leo, kuna mtu ataonyesha nini?

Na juu ya hao wote yupo Bwana wetu mwenyewe. Watu wa Nazareti walimjua kama seremala (Marko 6:3). Alianza kuhubiri akiwa na umri wa miaka kama 30 hivi, kama Luka anavyotuambia. Kabla ya hapo ni miaka mingi sana ya nyumbani na ya karakana ya Mtakatifu Yosefu.

3. Mfano wa hapa kwetu: Edward Saidi Tingatinga

Jina hili unalijua. Zile picha za rangi kali, chui, ndege, tembo, zinazouzwa mpaka uwanja wa ndege. Lakini habari yake wengi hatuijui, na ina somo.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 kusini mwa nchi yetu, upande wa Tunduru. Alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga, kisha akaja Dar es Salaam kutafuta maisha kama sisi. Alifanya vibarua vya kila aina. Hakusoma shule ya sanaa. Karibu na mwaka 1968 alianza kuchora, tena kwa vitu vilivyopatikana mtaani: vipande vya hadibodi, zile za kuwekea dari, na rangi ya kung'aa inayopakwa kwenye baiskeli. Picha zake ziliuzwa nje, karibu na duka la Morogoro Stores kule Oysterbay.

Hadibodi na rangi ya baiskeli! Angesema asubiri kwanza apate turubai nzuri na rangi za Ulaya, leo tusingelijua jina lake.

Lakini jambo kubwa zaidi ni hili. Picha zilipoanza kununuliwa, hakuficha ufundi wake. Aliwaita ndugu na jamaa zake, akawafundisha. Miongoni mwao walikuwamo Simon Mpata, January Linda, Casper Tedo na Ajaba Abdallah. Walikaa pamoja, wakachora pamoja.

Mwaka 1972 Tingatinga alipigwa risasi na polisi waliomdhania kuwa mhalifu, akafa. Alikuwa amechora kwa miaka minne tu hivi. Kwa hesabu ya kawaida habari ingeishia hapo: mchoraji wa barabarani amekufa, hadibodi zimebaki, basi. Haikuishia hapo, kwa sababu alikuwa amefundisha. Wale wanafunzi waliendelea, wakafundisha wengine, na mwaka 1990 kikundi chao kikawa chama cha ushirika. Leo Tingatinga si jina la mtu peke yake, ni jina la mtindo mzima wa uchoraji unaojulikana duniani.

Sasa rudi kwenye alama yako, Kutoka 35:34. Umeona? Kipaji na moyo wa kufundisha. Unachokijua ukakificha, utazikwa nacho. Unachomfundisha mwenzio kinaendelea kutembea.

Na historia ya Kanisa letu nchini inasema hivyohivyo. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walipofika Bagamoyo mwaka 1868, pamoja na kanisa walianzisha karakana na mashamba, na watu waliokombolewa utumwani walijifunza ufundi. Wabenediktini wa Peramiho na Ndanda nao walikuja na wito wao wa sala na kazi. Kanisa la Tanzania lilianza na kitabu cha sala mkono mmoja, nyundo mkono wa pili.

4. Kariakoo maana yake nini

Jina la Kariakoo linatokana na maneno ya Kiingereza Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi. Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia Waingereza waliwatumia Waafrika wengi mno kubeba vyakula na silaha, na hapa palikuwa kambi yao. Maelfu kwa maelfu ya wapagazi walikufa katika vita ile, wengi kwa njaa na magonjwa, na majina yao hayajulikani. Tunafanya biashara juu ya ardhi iliyopewa jina la watu waliobebeshwa mizigo ya wengine kwa nguvu.

Mtume Paulo anawaagiza Wagalatia wachukuliane mizigo, na kwa kufanya hivyo watimize sheria ya Kristo. Kubebeshwa na kubebeana si kitu kimoja. Wa kwanza analazimishwa, wa pili anapenda. Kariakoo imejua yote mawili.

Vijana wa mtaa huu na mitaa ya jirani waliwahi kujenga vitu vikubwa kwa kuanza na kitu cha kujifurahisha tu. Miaka ya 1930 vijana waliopenda mpira walianzisha timu yao. Mwaka 1935 ndiyo unaohesabiwa kuwa wa kuzaliwa kwa Yanga. Mwaka uliofuata wengine wakajitenga, wakawa na timu iliyokuja kuitwa Sunderland na, tangu 1971, Simba. Nisianzishe ugomvi hapa! Ninachosema ni kwamba mpira wa jioni uliwapa watu ukoo mpya mjini. Hali kadhalika vikundi vya taarabu na bendi za dansi. Mtu aliyetoka Songea peke yake alipata watu wa kumuuliza hali.

Tulikumbushwa tena Novemba 16, 2024, ghorofa lilipoanguka hapa Kariakoo. Zaidi ya watu 20 walipoteza maisha; tuendelee kuwaombea. Kabla ya mitambo mikubwa kufika, waliowahi walikuwa wafanyabiashara, wapita njia na wabeba mizigo, wakivunja zege kwa nyundo na kuchimba kwa mikono. Hakuna aliyeuliza aliye chini ni dini gani. Upendo ule upo ndani ya watu wa Kariakoo. Kazi yetu ni kuupa mahali pa kukaa siku za kawaida, siku ambazo hakuna kilichoanguka.

5. Meza ya Jumapili

Sasa tushuke kwenye vitendo. Parokiani kwetu tuna meza. Ni meza ya darasa la katekesi, ya mbao, mguu mmoja tumeukazia kwa waya. Jumapili baada ya Misa ya pili tunakaa hapo masaa mawili. Tulianza watu wanne na rozari. Nakuelekeza, na wewe uanze.

Mahitaji ya rozari moja: shanga 59, yaani 53 za rangi moja kwa Salamu Maria na 6 za rangi nyingine au kubwa zaidi kwa Baba Yetu, uzi wa nailoni, msalaba mdogo, medali ya kuunganishia, mkasi na kiberiti. Vyote utavipata Kariakoo kwa bei poa, hasa ukinunua shanga kwa jumla mkagawana.

Namna ya kufanya: anza kwenye medali. Funga uzi, ingiza shanga 10 za Salamu Maria, kisha 1 ya Baba Yetu, tena 10, tena 1, mpaka umefika makumi matano na Baba Yetu nne katikati yake. Rudi kwenye medali, funga. Hapo mduara umekamilika. Kisha chukua kipande kingine cha uzi, kianzie chini ya medali: Baba Yetu 1, Salamu Maria 3, Baba Yetu 1, mwisho msalaba. Acha nafasi kidogo kati ya shanga na shanga, usibane sana, la sivyo uzi utakatika mapema. Funga mafundo mawili mawili, kisha pitisha moto kidogo kwenye ncha ili nailoni iyeyuke na fundo lisifunguke. Angalia usiunguze rozari yote, imewahi kutokea mezani kwetu na tulicheka sana.

Kwa nini rozari? Kwa sababu mikono ikiwa na kazi, mdomo unafunguka. Nimeona hili mara nyingi. Ukimuweka kijana wa kiume kwenye kiti ukamwambia "shiriki nasi changamoto zako", atakaa kimya. Mpe shanga 59 na uzi, mkae bega kwa bega, macho yenu yote yapo kwenye fundo. Baada ya dakika 20 atakuambia habari ya baba yake ambayo hajamwambia mtu.

Kazi yetu ya pili ni mifuko. Tangu Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini, na mafundi cherehani wanatupa vipande vya vitenge kila siku. Tunawaomba vipande, tunaviunganisha, tunashona mifuko ya sokoni. Baba Mtakatifu Fransisko katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015 alitukumbusha kwamba utamaduni wa kutupa vitu unakwenda pamoja na utamaduni wa kutupa watu. Hapo mezani unaelewa. Kipande kilichotupwa kikipata mwenzake kinakuwa mfuko.

Kuna mama jirani wa kanisa, Mwislamu, tulikuwa tunamsalimia tu, "Shikamoo Bibi", tunapita. Siku moja alichungulia akaona tunavyohangaika na kikapu. Akacheka, akaingia, akaketi. Akatufundisha kusuka ukili tangu mwanzo, jinsi ya kuloweka, jinsi ya kuongeza jani jipya bila kuonekana. Sasa akifiwa tunakwenda, tukiwa na sikukuu anakuja. Hatujawahi kufanya semina ya mahusiano ya dini. Tumesuka ukili.

Na lile swali la "nani atajua"? Kuna mwenzetu anabeba mizigo sokoni. Jumapili moja hakuja. Ya pili hakuja, simu haipatikani. Kazi yake, mfuko ulioshonwa nusu, ilikuwa pale kwenye boksi na sindano imechomekwa. Mfuko ule ulitusumbua macho. Tukaulizana nani anajua anakolala; mmoja alijua, maana walizungumza mezani. Tukaenda watatu. Tulimkuta malaria imemlaza siku tisa, simu ameiuza apate dawa, mwenye nyumba anadai kodi. Hakuwa amemwambia mtu kwa sababu, alisema, "hapa mjini utamsumbua nani?" Tulimpeleka hospitali, tukachanga. Amepona, na mfuko aliumaliza mwenyewe. Sitaki kukuza jambo. Nasema tu kwamba kanisani tuko mamia, na aliyegundua pengo lake ni meza ya watu kumi na wanne.

6. Pesa ikiingia

Hapa ndipo penye mtihani. Mwaka jana tulipata oda ya mifuko 200 kwa ajili ya harusi. Furaha kubwa, kisha ugomvi. Wengine walisema tufanye kazi hata Jumapili, tugawane faida, kwa nini tushonee bure wakati maisha ni magumu? Wengine walisema tukianza hivyo, wale wanaojifunza polepole watafukuzwa, maana wanachelewesha oda. Pande zote mbili walikuwa na hoja. Mwenye njaa akitaka kipaji chake kimlishe hatendi dhambi. Tingatinga alichora ili auze, na Mtakatifu Paulo alishona mahema akajilisha.

Mlezi wetu alitusomea Katekisimu, namba 2184 hadi 2187, juu ya siku ya Bwana. Kwa kifupi: Jumapili ni ya ibada na pumziko, na pumziko hilo ni pamoja na kukaa na familia, marafiki na mambo ya utamaduni. Kukaa mkafuma kwa furaha na kusaidiana kunaingia hapo. Kujibanza na oda hakuingii. Basi tukaweka utaratibu: oda zina siku yake, Jumatano jioni, na anayefanya kazi analipwa kwa haki, hesabu inasomwa mbele ya wote. Jumapili meza haina oda. Jumapili anayejua anamfundisha asiyejua, hata kama fundo moja litachukua saa nzima.

Wawili hawakuridhika, wakaondoka. Mmoja amerudi. Mwingine ana biashara yake ya mifuko, inakwenda vizuri, tunamuombea na tukionana tunasalimiana. Sitakuficha kwamba iliuma.

7. Ukitaka kuanza kesho

Anza na ulicho nacho. Hadibodi na rangi ya baiskeli, unakumbuka.

Anza na watu watatu. Usitengeneze kwanza jina, fulana na kundi la WhatsApp. Tengeneza kitu kimoja kwanza.

Mwambie paroko au mlezi wa vijana. Kama upo VIWAWA, hapo tayari una nyumba. Baraka ya Kanisa inasaidia, na funguo za ukumbi pia.

Jifunze jina kamili la kila anayekaa mezani, anakolala, na namba ya ndugu yake mmoja. Si upelelezi, ni ujirani.

Mpokee asiyejua na asiyefanana nawe. Asiye Mkatoliki, asiye na ada, mwenye mkono mzito.

Funga na sala fupi. Kumi moja la Rozari linatosha, kwa rozari mlizotengeneza wenyewe.

Na jihadhari na vishawishi viwili. Cha kwanza ni kupiga picha kuliko kushona; kazi ikiishia kwenye status, jirani hajapata kitu. Cha pili ni cha wale wakuu wa Tekoa: kuona kazi ya mikono ni ya watu wa chini kwa sababu una digrii. Seremala wa Nazareti hakuwa mtu wa chini.

Maswali ya kutafakari (peke yako au kwenye kikundi)

1. Mikono yangu inajua kufanya nini? Nimemfundisha nani?
2. Nani alikuwa anakaa karibu nami kanisani au kazini, na sasa simuoni? Nimemtafuta?
3. Kama wajane wa Yafa wangeulizwa habari zangu, wangeonyesha nini?
4. Je, nabebana mizigo na wenzangu, au nawabebesha?

Sala

Ee Bwana Yesu, uliyeshika randa na msumari kabla ya kushika mkate na kikombe, bariki mikono yetu. Iliyochoka kwa mizigo, ipumzishe. Iliyozoea kupokea, ifundishe kutoa. Utupe moyo wa kumfundisha mwenzetu tunachokijua, na macho ya kuona kiti kilicho wazi. Uwapumzishe kwa amani wapagazi waliokufa bila majina, na wote waliopoteza maisha Kariakoo. Mama Maria na Mtakatifu Yosefu, watu wa nyumba ya kazi, mtuombee. Amina.

Wiki hii fanya jambo moja: tafuta mtu mmoja, mfundishe kitu kimoja ambacho mikono yako inakijua. Ukimaliza, muulize anaitwa nani, jina lake lote.

Tumsifu Yesu Kristo. Milele na milele, amina.